Siri Yangu ya Kunywesha Watoto Dawa Bila Kilio

Tangu nirudi mtaani kwetu Hewa Bora na diploma ya kulea watoto, niliyoipata Ubelgiji kwa jasho langu mwenyewe, hakuna mtoto aliyelia akinywa dawa kwangu. Walezi wengine huwabana pua. Mimi huwapa kijiko, kisha wanakimbilia beseni kusukutua, tulinde meno.

Juzi Mama Gloire alikuja na wasiwasi. "Tantine, kikohozi ya mutoto haiishe. Dawa anakunywaka kweli?"

"Yote! Jionee mwenyewe."

Gloire akafungua kinywa bila ubishi, akapokea sirop nyekundu, akakimbia mashavu yamevimba. Nikatabasamu kama mshindi. Mama yake akamfuata, akainama kwenye beseni. Maji yalikuwa mekundu.

"Tantine," akasema, "hii beseni yako haitakohola hata siku moja."