Shada Alilolikataa Bibi

Juzi nilishuka Lushoto mjini kuagiza maua ya harusi ya mwanangu, na binti wa dukani akaniuliza swali lililoniacha mdomo wazi: "Mama, bibi harusi mwenyewe yukoje?" Nikamwambia ni mzuri tu, ana adabu. Akacheka. Alitaka kujua kama ni mrefu au mfupi, mpole au mchangamfu, ili shada limfae. Mwenzangu, si kwamba mwanangu simjui. Ni hilo neno, shada. Nikilisikia tu narudi kwetu, juu kule njia ya Mlola, wiki ile dada yangu alipokuwa anaolewa, na akili inaanza kuvurugika upya.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imeanza kupanda milima, madukani kumejaa sabuni za kunukia na vitambaa vya kung'aa, na kila aliyetoka Tanga alikuja na jambo jipya. Mchumba wa dada alikuwa anafanya biashara huko Tanga. Akatuma ujumbe kwa shangazi yetu: bibi harusi avae shela, na ashike shada. Kwetu bibi harusi alitoka na hina, kanga mpya na machozi, basi. Shela tuliielewa, maana shangazi alikuja nayo kwenye mfuko. Shada ndilo lililoleta balaa.

Shangazi alikuwa mtu wa kujua. Alimkalisha dada uani kwenye kigoda, akawa anamsogezea ua moja moja shavuni. Waridi jekundu: "Hapana, hili linakufanya mkali." Yale madogo ya manjano: "Haya ya watoto." Alipofika kwenye yale meupe marefu ya kando ya kijito, yaliyojikunja kama faneli, akapiga makofi. "Haya hapa! Wewe mrefu, shingo ndefu, haya ni ndugu zako kabisa." Dada akasema, "Shangazi, kwani mimi ni kabichi, mpaka nichaguliwe rangi?" Akacheka kile kicheko chake cha kusikika ng'ambo ya bonde. Mimi nilimtazama yeye, nikalitazama ua, nisione undugu wowote. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa kung'oa karoti.

Bibi alikuwa jikoni anasonga bada. Akatoka na mwiko mkononi, unga wa muhogo umemganda vidoleni.

"Shada la nani?"

"La bibi harusi, mama," shangazi akajibu.

"Shada huwekwa kaburini. Mnamwoza mjukuu wangu au mnamzika?"

Usimcheke. Bibi neno hilo alilisikia mara moja tu maishani mwake, alipozikwa jirani yetu Mkristo aliyefanya kazi kwenye shamba la chai. Watu waliitwa mmoja mmoja, kwa sauti, waje waweke shada. Bibi alirudi nyumbani na neno hilo kichwani, likabaki na udongo wake. Shangazi alieleza mpaka akakaukiwa mate kwamba ya harusi ni mengine na ya msiba ni mengine. Bibi akamuuliza kama na jina ni jingine.

"Akishika shada, mimi simtoi mlangoni," Bibi akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Hapo kicheko kiliisha. Mama yetu alikwisha fariki, na Bibi ndiye aliyetulea. Bila mkono wake dada angetoka na nani? Akaingia ndani, akajifunika kanga mpaka kichwani, analia. Shangazi naye anahema uani: upande wa mume watasemaje, wametuma ujumbe kabisa!

Na mimi katikati, sijui nimwamini nani. Shangazi anasema ni maua ya furaha, Bibi anasema ni ya kaburi, na Bibi hakuwa na kawaida ya kusema uongo. Niliona dada anakwenda kufa na watu wazima wananificha. Jioni nikamfuata Bibi jikoni, nikamuuliza: "Bibi, dada tutamzika huku kwetu au Tanga?"

Mwiko ukasimama. Bibi akasema kitu kwa Kishambaa, polepole, si kwangu. Kisha akanivuta, akanifunika na upande wa kanga yake iliyonuka moshi.

Asubuhi ya harusi tuliamka Bibi hayupo. Shangazi akashika kichwa. Jua lilipochomoza tukamwona anapanda kutoka bondeni, kanga imelowa umande, amekumbatia yale maua meupe. Alikuwa ameyafunga kwa kamba ya mgomba, kama alivyofunga mboga zake za sokoni.

"Shada silijui," akamwambia dada. "Hili ni fungu. Mafungu nimefunga tangu ujana wangu, hayajamuua mtu."

Shangazi alitaka kuikata ile kamba ya mgomba iliyoning'inia. Dada akamzuia. Alilipokea lile fungu kwa mkono mmoja, akalipima uzito kama anavyofanya sokoni, machozi yanamtiririka na meno yako nje. "Nivedi, Bibi," akasema. Ni zuri.

Ndoa ikafungwa. Bibi akamshika mkono, akamtoa mlangoni, vigelegele bonde zima. Mpiga picha akapaza sauti, bibi harusi ainue maua. Dada badala yake akageuka, akanisukumia fungu, "Shika hapa," akamkumbatia Bibi kwa mikono yote miwili. Wakapigwa picha hivyo hivyo.

Bibi hayupo tena. Kijito kimebanwa na bustani za watu, na neno shada sasa halimshtui mtu yeyote, wala mtoto. Picha ile ninayo, haina ua hata moja. Maua yalikuwa kwangu, nje ya picha. Siku ile gari likaondoka na dada, Bibi akaingia ndani bila kugeuka, nami nikabaki uani nimelishika fungu, sijui nimpe nani.