Mgongo wa Fundi Uweso

Shemeji yangu Uweso, fundi viatu wa mtaani kwetu Usagara, alikuwa mtu wa kucheka. Mteja akimletea kiatu kilichooza, alikigeuzageuza, akakinusa, akasema, "Hiki si cha kushonwa, bwana, ni cha kuzikwa," kisha akakishona. Alizaliwa Tongoni, akaja mjini kijana, akamwoa dada yangu Mwamvua, na tangu hapo maisha yake aliyapitisha juu ya kigoda, ameinamia ngozi na sindano. Nayasema haya kwanza ili msidhani namsimulia mvivu, maana ndivyo mtaa ulivyomwita mwaka ule wa hamsini na sita, na mimi Sadalla nikikumbuka mpaka leo damu hunichemka.

Miguu ndiyo iliyomtia midomoni mwa watu. Akiwa juu ya kigoda, hana neno. Akiwa juu ya baiskeli, ameinamia usukani, anafika Tongoni na kurudi huku anapiga miluzi. Lakini atembee wima kwenda msikitini, hata nusu ya njia hajafika, mapaja yanawaka, nyayo zinaingia ganzi, miguu inakuwa mizito kama si yake. Basi hujitupa kwenye baraza ya yeyote, akainama, viwiko magotini, na punde si punde maumivu yamekwisha. Kila baraza alipewa kahawa. Watu wakasema fundi haendi msikitini, anazurura.

Tulimpeleka Pangani kwa mkandaji mmoja aliyesifiwa sana, naye akamwona amepinda, akaamua dawa ni kumnyoosha. Alimlaza kifudifudi, akamkalia kiunoni, akamvuta mabega kwa nyuma. Uweso alipiga ukelele mpaka watu waliokuwa wakingoja kivuko wakaja kuchungulia. Alirudi nyumbani miguu haitaki kabisa, na dada yangu akamtukana mkandaji yule kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Mambo yaliharibika kwenye maziko. Kwetu jeneza hubebwa kwa kupokezana. Kila mwanamume hutia bega, japo hatua chache, na asiyetia bega huonekana. Siku tulipomzika mzee mmoja wa mtaani, Uweso alitia lake, miguu ikamwishia nguvu, jeneza likayumba, watu wakashtuka. Kwa kuogopa lisitokee tena, maziko yaliyofuata akaja na baiskeli, nyuma ya watu, polepole, kwa adabu yote awezayo mtu mwenye kengele. Makaburini akakuta amengojwa na Mwinyijuma, msimamizi wetu wa maziko, mtu mkali mwenye sauti ya mnadi.

"Maiti anasindikizwa kwa baiskeli? Miguu ya kwenda Tongoni unayo, ya kumzika mwenzio huna? Basi wallahi, arusi ya mwanao utaila peke yako!"

Hapo ndipo Uweso alipoacha kucheka. Mastura, binti yake wa pekee, alikuwa karibu kuolewa. Majirani wasipokuja, nani akoroge pilau, nani asimamishe turubai, nani ampokee bwana arusi? Mwinyijuma akishasema, mtaa humfuata. Dada yangu alilia waziwazi, na Uweso akawa anashona viatu kimya, jambo ambalo lilitutisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Nikamshika mkono nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa Mzungu, na aliyemtafsiria alikuwa mganga msaidizi Ernesti, Mbondei mwenye subira. Walimshika nyayo wakasikiliza mishipa ya damu, ikawa inapiga vizuri. Wakamgonga magoti kwa kinyundo. Wakampiga picha ya mgongo. Kisha wakamtembeza wima barazani hadi akaomba kukaa, na alipoinama akapata nafuu mbele ya macho yao.

"Mzee wangu," Ernesti akasema, "miguu yako mizima. Uti wa mgongo una njia katikati, na mishipa ya fahamu iendayo miguuni hupita humo. Kwa umri mifupa imenenepa, njia imekuwa nyembamba. Ukisimama wima inabana zaidi. Ukiinama inapanuka kidogo."

Uweso alifikiri, kisha uso ukamkunjuka. "Yaani mguu mzima, kiatu ndicho kinachobana. Na yule wa Pangani alikuwa akizidi kukikaza!"

Ernesti alicheka mpaka akasahau kumtafsiria daktari.

Wapo wanaopasuliwa, daktari alieleza, ule mfupa unaobana ukapunguzwa. Lakini Uweso miguu bado ina nguvu na haja ndogo anaizuia, basi hapakuwa na haraka ya kisu. Alale chali asubuhi na jioni, avute magoti kifuani. Afunge mshipi mpana kiunoni akiwa na kazi ndefu. Atembee, apumzike, atembee tena, na baiskeli aendelee nayo. Asijipinde kwa nyuma, asibebe mzigo begani. Siku miguu ikilegea au mkojo ukimponyoka, aje siku hiyohiyo. Mshipi aliushona mwenyewe, wa turubai, akautia vifungo vya shaba kwa madaha.

Nilikwenda kumweleza Mwinyijuma, nikamweleza kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Ugonjwa wa kupona ukiinama?" akasema. "Mwambie ainame basi, apone, aje abebe."

Nikatoka, maana nilikuwa na mawili tu, kutoka au kumrushia kiatu.

Arusi ikiwa imekaribia kabisa, baba yake Mwinyijuma akafariki. Asubuhi ya maziko Uweso hakuonekana. Jeneza likanyanyuliwa, watu wakagunaguna, nami nikatia bega langu na la kwake, nimevimba kwa hasira, safari hii juu yake yeye.

Tulipofika makaburini tukaona baiskeli imelazwa majanini. Alikuwa ametangulia, asije akapanda baiskeli nyuma ya maiti. Yumo ndani ya kaburi, mshipi kiunoni, ameinama, anasawazisha mwanandani, lile shimo dogo la ndani analolazwa maiti. Alikuwa akikwangua kwa kijembe kifupi, kisha akipapasa kwa kiganja kama apapasavyo ndani ya kiatu asiache msumari. Vijana waliochimba walikuwa wameketi pembeni. Walisema wamemwambia atoke amekataa, ati kuna jiwe litamuumiza mzee ubavuni.

Mwinyijuma alisimama ukingoni, macho mekundu, akimtazama. Uweso alimwona, akaweka kijembe chini, akashika ukingo ili apande, awapishe wafiwa.

"Kaa papo hapo, fundi," Mwinyijuma akasema, na sauti ya mnadi haikuwapo. "Nashuka. Tutampokea baba pamoja. Uzito tuachie sisi, wewe mshike kichwa."

Siku ya arusi ya Mastura, wa kwanza kufika alikuwa Mwinyijuma na nguzo za turubai begani, akiwafokea vijana mtaa mzima ukasikia. Nilikuwa nimemwekea maneno yangu makali tangu siku ile aliponikejeli. Niliyatafuta, wallahi, sikuyaona, nikashika ncha ya pili ya nguzo.