Maziwa Mabichi ya Bibi Apolonia

Bibi Apolonia wa Kagongwa alikuwa na ng'ombe mmoja tu, lakini ng'ombe huyo! Pembe zake zilikuwa ndefu hata mvua ikinyesha pembe ya kushoto, ya kulia ilikuwa bado kiangazi. Anayebisha akamuulize ng'ombe mwenyewe. Bibi alitoka naye Kishapu alipofiwa na mumewe, wakaja wawili tu.

Kila asubuhi wachimbaji wa dhahabu walipita kwake wakielekea mashimoni, kila mtu na kikombe chake, wakanywa maziwa yangali na joto la chuchu. Hakuyachemsha. Kwao Kishapu, ukichemsha maziwa umeunguza kiwele, ng'ombe atakauka. Basi wakanywa, wakamtania, wakaenda zao. Hakuna mwingine aliyemsemesha mpaka kesho yake.

Mwaka huu ng'ombe akatupa mimba. Noela, daktari wa mifugo, akampima damu.

"Bibi, ana ugonjwa wa kutupa mimba. Watu wanaupata kwenye maziwa mabichi."

"Mwanangu, hiyo ni homa ya wafugaji. Wachimbaji hawa hata mkia wa mbuzi hawana!"

"Hiyo zamani. Siku hizi wasio na mkia ndio wanaojaa zahanati, wanatibiwa malaria isiyoisha. Yachemshe, Bibi, mpaka yaumuke."

Siku mbili Bibi akaendelea kuwamiminia mabichi. Akisema, nani atakuja tena?

Siku ya tatu akaja Mwigulu, mchimbaji mwenye mdomo kuliko wote, kashika kiuno kama mzee. Homa inakwenda na kurudi, jasho la usiku bata angeogelea. Malaria katibiwa mara tatu.

"Bibi mchumba, nipe dawa yangu," akanyoosha kikombe.

Bibi akakichukua, akakifudikiza chini.

"Dawa hiyo ndiyo iliyokuuguza, mjukuu wangu. Na mimi nimejua tangu juzi, nikanyamaza. Nenda hospitali, uwaambie unakunywa maziwa mabichi."

Wenzake aliokuja nao wakashusha vikombe. Bibi akainjika sufuria ya maziwa.

"Haa, hii si chai iliyosahau majani?" mmoja akacheka. Wengine hawakucheka.

Kesho yake wakaja wawili. Keshokutwa, hakuna. Maziwa yakaumuka, yakatulia, yakaota utando. Bodaboda ikapita barabarani.

"Yamechemka!" Bibi akapaza sauti.

Dereva akapunga mkono, hakusimama. Bibi naye akapunga wake, akauacha hewani mpaka vumbi likaisha.