Mfunga Lango Bila Ufunguo

Taarifa ya klabu ilisema kweli: mhudumu wa afya hakuwepo pembeni ya uwanja kipa Owiti alipoanguka mara ya pili. Haikusema kwamba muda mfupi kabla ya hapo wanaume wawili wenye fulana za usimamizi walikuwa wamemshika mhudumu huyo mabega na kumtoa nje ya uzio, naye akipaza sauti kwamba kipa hana fahamu kamili. Kwa taarifa hiyo mhudumu huyo, Zeituni Aqil, alifutwa kazi. Kosa lake likaitwa utoro.

Zeituni ni mzaliwa wa Kisumu, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Manyatta Arab. Alisomea chuoni kazi ya kukinga na kutibu majeraha ya wanamichezo, kazi ambayo mjini hapa bado haina jina. Mashabiki humwita mama wa maji, maana wanachokiona ni chupa tu. Hawaoni asubuhi anazowafunza wachezaji kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, wala vifundo vya miguu anavyovifunga bendeji kabla ya mechi. Barafu aliinunua kwa wauza samaki, na wachezaji walitaniana kwamba goti la fulani leo linanuka mbuta.

Aliyetania kuliko wote alikuwa Owiti. Huyu alikuwa bingwa wa pakruok, yale majigambo ya Wajaluo ambayo mtu hujitaja jina, ujombani kwake na sifa zake, wasikilizaji wakamshangilia. Kila alipookoa mpira aliwageukia mashabiki: "An Owiti, wuod nyar Uyoma! Mwana wa binti wa Uyoma! Mfunga lango bila ufunguo! Ngege navua, mbuta navua, mpira ndio haupiti!"

Siku hiyo goti la mshambuliaji lilimpiga kwenye paji la uso, akalala kimya. Zeituni alipomfikia alimkuta amefumbua macho. Akamuuliza polepole, "Owiti, leo tunacheza na nani?"

Kipa alimtazama kana kwamba yeye Zeituni yuko ng'ambo ya ziwa. Kisha tabasamu likaja, na sauti ikafuata: "An Owiti, wuod nyar Uyoma!" Akazimaliza sifa zake zote, bila kukosea neno.

Benchi zima likacheka kwa faraja. Kocha Joram akapiga makofi. "Daktari, mtu aliyeumia kichwa hujisifu hivi?"

"Hajajibu nililouliza, kocha."

"Amejibu kupita ulilouliza! Toka, mpira uendelee."

"Basi muulize wewe. Muulize tunacheza na nani."

"Nimuulize ya nini, na mimi najua?"

Kicheko kikazidi. Zeituni akamshika kipa mkono ili asisimame; glavu ikachomoka, ikabaki kiganjani mwake. Owiti aliichukua, akaanza kuivaa juu ya mkono wa pili, ambao tayari ulikuwa na glavu. Aliisukuma, ikakataa, akaisukuma tena. Joram aliliona hilo, kwa sababu ni yeye aliyemnyang'anya glavu ile na kumvisha mkono uliokuwa mtupu, kama avishwavyo mtoto, kisha akampigapiga mgongoni.

Kutoka kiti chake cha kivulini, mwenyekiti wa klabu, bwana mkubwa wa mtaa wa kitajiri wa Milimani, akaamuru, "Huyo mama wa maji atolewe! Anatupotezea muda!"

Akatolewa. Kona iliyofuata ilimgonga Owiti kichwani, mpira laini ambao siku nyingine angeucheka. Alianguka kama nguo iliyoteleza kutoka kwenye kamba. Zeituni aliyaona hayo akiwa ameshika waya wa uzio. Lango la uzio lilikuwa limefungwa. Hilo lilihitaji ufunguo, na mwenye ufunguo hakuonekana.

Owiti hakufa. Ukienda soko la Kibuye utamkuta ameketi nyuma ya marundo ya mitumba ya mama yake, Apiyo, ambaye humlisha na kumfunga vifungo vya shati. Hajui mwaka huu ni upi. Hajui kama amekula. Lakini mteja akisimama, hunyoosha mgongo na kuanza, "An Owiti, wuod nyar Uyoma!" hadi mwisho, bila kukosea neno. Wapita njia humshangilia. "Huyu ni mzima kabisa," husema, wakaenda zao.

Zeituni humtembelea. Mara ya kwanza Apiyo alimwambia, "Mama, karibu, keti. Wewe sina neno nawe. Lakini usimuulize kitu. Ukimuuliza, atajisifu, nami siwezi kulisikia jigambo hilo tena leo."

Hata Zeituni hawezi, ila hulisikia. Hulisikia anapokanda barafu ndani ya mfuko, hulisikia katika ule ukimya wa kabla ya kipenga. Kwenye sherehe mtu akisimama kujigamba, yeye huchukua mkoba wake na kuondoka, na wenyeji humdhania ana maringo. Siku hizi anawahudumia bila mshahara wasichana wa timu moja ya mtaani, na amewafundisha sharti moja: nikikuuliza swali, sifa si jibu. Wasichana hucheka. Yeye hacheki.

Sasa nasema nanyi, viongozi wa klabu ile, na nanyi wasimamizi wa ligi mlioipokea taarifa yake bila kuuliza swali. Iandikeni upya. Andikeni jina la aliyeamuru Zeituni atolewe, na jina la aliyemvisha Owiti glavu. Mrudisheni Zeituni kazini. Tungeni kanuni kwamba mhudumu wa afya akisema mchezaji atoke, hakuna kocha wala mwenyekiti wa kulitengua neno lake. Kisha nendeni Kibuye, msimame mbele ya Apiyo, mumuulize mwanawe leo mnacheza na nani. Msikilizeni mpaka mwisho, na asiwepo wa kupiga makofi.