Bawaba za Zaina

Juzi, sokoni Kasongo, nilisikia samaki wakitatarika kwenye mawese kabla sijawaona, na hasira ya utotoni ikanirudia.

Mchana mmoja wa utoto huo, mlio kama huo ulinikimbiza hadi atelye, karakana ya baba mdogo, nikidhani wanapika. Kumbe dada Zaina, uso ndani ya kinyago, alikuwa akichomelea bawaba za mlango wa atelye kwa mashine inayotoa waya yenyewe. Mkono wake haukusita, wala mlio haukukatika. Sasa najua hiyo ndiyo dalili ya mshono mzuri.

Baba mdogo aliingia akausifu mshono, mpaka Zaina alipovua kinyago.

“Zaina, kazi ya mwanamuke iko kwa jiko.”

“Baba mudogo, mlio si ni mumoja?”

Nilidhani baba mdogo atacheka. Alimtoa nje, akaufunga mlango uleule nyuma yake, na bawaba hazikulia hata kidogo.