Lulu za Sengi na Shingo ya Mdogo Wangu

Sengi, ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kisukuma, alirudi Bariadi kutoka Unguja na sanduku la bati, kioo cha kukuzia na mdomo mbaya. Huko alimfanyia kazi sonara kwa miaka mingi, akichambua lulu. Akafungua duka la urembo wa maharusi karibu na soko. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeachika Mwandoya na kurudi kwa baba, Sengi akaniambia nikakae naye dukani. "Huna mume, angalau uwe na kazi," alisema, mbele ya wageni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akigawa fadhila zake.

Nitasema kweli, kazi aliijua. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, alitandika kitambaa cheupe mezani, mbali kidogo na dirisha, akamwaga lulu. Kwanza alizitenga kwa aina: za baharini, za maji baridi, na za kioo, ambazo si lulu bali ndizo zilizokuwa zikituendeshea duka. Aliyekuwa na shaka aliambiwa aisugue lulu kwenye ncha ya jino. Ya kweli hukwaruza kama ina mchanga laini, ya kioo huteleza. Kisha ndipo alipoanza kupanga madaraja. Mng'ao ulikuwa wa kwanza kuangaliwa: kama ukiitazama lulu unaliona dirisha ndani yake na kingo zake zimenyooka, hiyo ni ya juu, kama unaona ukungu tu, isukume pembeni. Halafu aliiviringisha aone kama ni duara kweli au inayumba. Alitafuta vishimo na mikwaruzo. Alichungulia tundu la uzi aone gamba la kung'aa ni nene au limepakwa tu. Rangi na ukubwa aliviacha mwisho, ingawa wateja walianzia hapohapo.

"Na usishindanishe aina," alikuwa akinifokea. "Ya maji baridi ishindane na wenzake wa maji baridi. Ukiiweka na ya baharini unaionea."

Kwa lulu alikuwa na haki hiyo. Kwa watu hakuwa nayo hata chembe. Sisi watoto wa kaka yake alitupanga wote kwenye kitambaa kimoja, na kipimo chake kilikuwa rangi ya ngozi. Huku kwetu binti mweupe anapochumbiwa, ng'ombe wa mahari huongezeka, kila mtu anajua na wengi wanajifanya hawajui. Sengi hakujifanya. Mimi na mdogo wangu tulimfuata baba kwa rangi, weusi tii, naye alitutazama kama mzigo uliokosewa.

Siku moja mdogo wangu alipita dukani akakuta Sengi akimsimulia mteja habari za lulu nyeusi, za bahari za mbali, ambazo bei yake huzishinda nyeupe nyingi. Mdogo wangu akafurahi kabisa. "Kumbe kuna lulu nyeusi, Sengi?"

"Zipo, ng'wanawane," Sengi akamjibu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto wake. "Ila shingoni kwako zitapotea, hatutaziona."

Mteja alicheka mpaka akashika meza. Mdogo wangu naye alicheka, kwa adabu, kisha akaaga. Jioni hiyo nilimkuta chumbani anachanganya krimu kwenye kopo, mkorogo wa wanaojichubua, unanuka kama dawa ya nywele. Nilimwambia autupe. Akaniambia mimi nimeshaolewa na nimeshaachika, kwa hiyo nimwachie na yeye ajaribu.

Akawa mweupe. Uso kwanza, shingo, mikono. Vifundo vya vidole vikakataa, vikabaki vyeusi. Sengi aliyaona hayo yote. Hakuuliza kitu, ila siku moja alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Sasa umepanda daraja." Mdogo wangu alitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyefaulu mtihani.

Ndipo akaja mwalimu mmoja, kwao Nyashimo, akampenda. Wazee wakaketi, ng'ombe wakatajwa, na walitajwa wengi, kwa sababu upande wa mume waliona wanachukua mweupe. Hakuna aliyewaambia vingine. Sengi kwa furaha akatoa kitu ambacho hata mimi nilikuwa nimekigusa mara chache: mkufu wa lulu za baharini alioukusanya Unguja kokwa kwa kokwa, zote daraja la kwanza, zote zinafanana. Akamvalisha na kumwagiza auvae kila watu wa Nyashimo wanapokuja, mpaka siku ya sendofu, sherehe ya kumwaga bibi harusi, ambapo angeukabidhi rasmi mbele yao.

Sheria ya lulu mteja wetu yeyote aliijua, maana Sengi aliwaimbia wote: uivae ya mwisho, uivue ya kwanza, na isiguse manukato wala krimu, kwa sababu huliwa. Mdogo wangu hakumwambia Sengi kwamba bado anajipaka. Mimi nilimwonya mdogo wangu, nikamwonya tena. "Chagua kimoja, mkorogo au mkufu."

"Nikiacha krimu narudi mweusi kabla ya harusi," alisema. "Nikivua mkufu Sengi ataudhika. Nichague nini, dada?"

Alikuwa akifunga kitambaa chepesi shingoni chini ya mkufu, lakini kwa joto la huku, jasho na krimu vilipita kitambaa. Mimi nilikuwa ninaona mng'ao ukienda, na sikuwa na la kufanya.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Shangazi ndiye hukabidhi zawadi, kwa hiyo Sengi alisimama, akamvua mdogo wangu mkufu na kumpa mama mkwe auone. Mama yule alikuwa mfanyabiashara wa samaki Lamadi, macho makali. Aliugeuzageuza.

"Shangazi, mbona zimepauka? Za kioo hizi?"

Nilimwona Sengi akikunja uso. Hapo angeweza kusema lolote. Angesema zimekaa sana sandukuni, angesema taa za ukumbi mbovu, na shughuli ingeendelea. Mdogo wangu alimtazama kwa macho ya kuomba kabisa, hata kipofu angeyaelewa.

"Za kioo?" Sengi akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. "Zitie menoni, mama."

Mama mkwe akaitia lulu menoni. Akakiri inakwaruza.

"Haya. Sasa tazama." Akatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya keki. "Hizi za nyuma zimekaa juu ya kola ya nguo. Unaliona pambo la ukumbi ndani yake, siyo? Hizi za mbele zimekaa juu ya ngozi. Huoni kitu, gamba limeliwa. Jasho peke yake haliwezi kula hivi kwa muda mfupi huu. Hii ni krimu ya kujichubua. Lulu zangu ni daraja la kwanza, zimetoka kwangu daraja la kwanza. Kibovu ni shingo."

Wanawake wa Nyashimo hawakupiga kelele. Walifanya kitu kibaya zaidi: wote waliinama kidogo kutazama vidole vya bibi harusi. Mdogo wangu akaificha mikono ndani ya shela. Mama mkwe akaurudisha mkufu mezani na kusema, taratibu tu, "Kumbe ng'ombe wetu wamefuata rangi ya dukani."

Ndoa ilifungwa, kwa sababu mwalimu aling'ang'ania. Lakini Nyashimo nzima wanamwita mdogo wangu Mweupe wa Dukani, na mama mkwe ndiye aliyeanza. Wageni wakija, mdogo wangu hubaki jikoni.

Nilimuuliza Sengi kwa nini alisema vile. Alikuwa akiukata uzi wa mkufu aliorudi nao kutoka ukumbini, akizitoa zilizolika na kuziweka nzima mahali pake.

"Walitaka kusema lulu zangu ni kioo," alinijibu, kama jambo hilo limekwisha. Watu husema naye alikataliwa akiwa msichana, kwa weusi, na kwamba ndiyo maana alikimbilia Unguja. Inawezekana. Mimi hilo halinilainishi. Mtu aliyepigwa fimbo anajua inauma wapi, na yeye alipiga palepale.

Alipomaliza kuzitunga upya aliusukuma mkufu kwangu. "Chukua wewe. Angalau wewe hujipaki kitu."

Nikauchukua. Nikaenda nyuma ya duka nikakamua ndimu zote za kachumbari kwenye bakuli, nikaja kulitua juu ya kitambaa chake cheupe na kuutumbukiza mkufu humo, mbele ya macho yake. Vipovu vidogo vikaanza kupanda. Sengi alinyoosha mkono, nikaushika, nikaukandamiza mezani. Ulikuwa mkono mwembamba, haukunisumbua. Tulikaa hivyo mpaka akaacha kuvuta, na tuliendelea kukaa. Alilia bila sauti na sikumwonea huruma. Sijamwonea hadi leo.

Nikampigia simu mdogo wangu. Nilitaka awe wa kwanza kusikia. Nilimweleza yote, ndimu, vipovu, Sengi anavyolia, na nikasubiri acheke.

Badala yake nikasikia anajikaza asilie.

"Zile nzima ungenitumia mimi, dada. Zilikuwa zangu." Akavuta pumzi. "Ngozi imerudi nyeusi, imerudi kwa mabaka. Kesho ukipata gari la Nyashimo, nitumie ile krimu. Ile kali."