Sare ya Umazi wa dobi

Leo nimeingia kikao cha nidhamu, na aliyeshtakiwa si mimi.

Ni Umazi, mwenzangu wa dobi hapa hotelini Diani. Alikosa kazi siku mbili bila ruhusa, nami nikaenda kumsimamia.

Meneja akamuuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Kwetu Kinango, bosi. Maji hayakuwapo, sare ikabaki chafu. Na mwenye sare chafu askari hampitishi getini."

(Kweli kabisa, hapitishwi.)

"Sasa si ungeifua hapa hapa dobi?"

Umazi akamjibu kwa adabu zote, "Mwezi jana niliifua hapa, bosi. Ukanipa barua ya onyo, eti nimetumia maji na sabuni ya hoteli kwa nguo yangu."

Wallahi, karani wa kikao akaliandika jibu hilo neno kwa neno.

Na bado kapewa barua ya pili! Ya kwanza kwa kufua, ya pili kwa kutofua. Ya tatu ni kufukuzwa.

Jamani, mngekuwa Umazi, hiyo sare mngeifanyaje?